Jicho la bandia: afya ya kope, tohara na Sala

Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake.

Ama baad. Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara ni ya ndugu zetu wanaovaa jicho la bandia, au ya wazazi wa watoto wanaolivaa. Wengi hawaulizi kama inafaa kulivaa, kwani hilo walishajibiwa zamani. Wanauliza kuhusu tongo. Wanaamka asubuhi kope zimegandana. Wanapangusa, na baada ya saa moja tongo limerudi. Jicho linawasha, linakwaruza kama lina mchanga, na wakati mwingine ukingo wa kope unavimba. Baadhi yao wameacha kwenda msikitini kwa kudhani kwamba udhu wao haukai, au kwamba wamebeba najsi usoni. Wengine wanalitoa jicho na kuliosha mara nne au tano kwa siku wakitafuta tohara, na hali inazidi kuwa mbaya.

Katika makala haya tutaeleza tongo hilo linatoka wapi, namna ya kulipunguza, na sharia inasemaje. Tunatanguliza jambo moja: mara nyingi tatizo halimo ndani ya jicho la bandia. Limo kwenye kope, na kope ni kiungo kilicho hai ambacho kina haki ya kutunzwa.

Kope na tezi zake

Jicho la bandia si mpira mzima kama wengi wanavyodhani. Kwa kawaida ni kifuniko chembamba kilichopinda kama kombe, kinachokaa nyuma ya kope na mbele ya utando laini uliofunika tundu la jicho. Zamani yalitengenezwa kwa kioo, na kijiji cha Lauscha nchini Ujerumani kilikuwa mashuhuri kwa kazi hiyo tangu karne ya 19. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kioo cha Kijerumani kiliadimika katika nchi nyingine, na mafundi wakaanza kutumia plastiki ngumu ya akriliki. Sasa hiyo ndiyo inayotumika sehemu nyingi duniani.

Ndani ya kope, nyuma ya mstari wa nywele zake, mna safu ya tezi ndogo za mafuta. Kope ya juu ina tezi kati ya 25 na 40 hivi, na ya chini kati ya 20 na 30. Madaktari huziita tezi za Meibom, kwa jina la tabibu wa Kijerumani Heinrich Meibom aliyezieleza mwaka 1666. Kila tunapopepesa, kope hukamua mafuta kidogo kutoka kwenye tezi hizo na kuyatandaza juu ya machozi. Machozi yana maji, yana ute unaoyashikisha, na juu yake kuna utando huu mwembamba wa mafuta unaoyazuia yasikauke upesi. Mafuta yakikosekana, machozi hukauka, kope hukwaruza, na ute unaobaki huwa mzito na kuwa tongo.

Mafuta hayo yanatakiwa yawe mepesi. Yakiwa mazito, huziba matundu ya tezi. Mfano wake ni mafuta ya nazi: wakati wa joto humiminika, na asubuhi ya baridi huganda ndani ya chupa. Tezi iliyozibwa huvimba, na mara nyingine hutoa chokea au uvimbe mgumu usiouma. Ikizibwa kwa muda mrefu hunyauka, na iliyonyauka kabisa ni vigumu kurudi. Ndiyo maana tunawahimiza ndugu zetu wasingoje.

Kwa nini mwenye jicho la bandia hupata tabu zaidi

Madaktari waliolinganisha kope za pande mbili za mtu mmoja wamekuta mara nyingi kwamba tezi za upande wenye jicho la bandia zimeharibika zaidi kuliko za upande wa jicho zima. Sababu ziko kadhaa, na huenda zikakutana zote kwa mtu mmoja.

Ya kwanza ni kupepesa. Upande huo kope mara nyingi hazifungi sawasawa au hazikutani kabisa, hivyo tezi hazikamuliwi ipasavyo na uso wa jicho hubaki mkavu.

Ya pili ni msuguano. Tezi zimelala karibu sana na sehemu ya ndani ya kope, na hapo ndipo kope inaposuguana na akriliki kutwa na kucha. Jicho likiwa na mikwaruzo au limeganda uchafu wa machozi, msuguano huzidi.

Ya tatu ni uvimbe wa muda mrefu wa utando wa ndani, pamoja na vijidudu vinavyokaa kwenye ukingo wa kope.

Ya nne ni mikono. Kila jicho linapotolewa na kurudishwa, kope huvutwa, utando huchubuka, na vijidudu vya vidoleni huingia. Anayelitoa mara nyingi kwa siku kwa nia ya usafi huenda ndiye anayeongeza tongo.

Kwetu visiwani yapo pia mambo ya mazingira. Moshi wa kuni jikoni, vumbi la barabarani, upepo wa baharini kwa wavuvi, na feni inayompulizia mtu usoni usiku kucha, yote haya hukausha kope.

Namna ya kutunza kope kila siku

Matunzo yenyewe ni mepesi, na yanahitaji maji safi, kitambaa na subira. Yafanywe kwa utaratibu huu mara moja au mbili kwa siku, na jicho la bandia libaki mahali pake.

1. Osha mikono kwa sabuni na uisuuze vizuri. Kucha ziwe fupi.

2. Chukua kitambaa safi, kichovye katika maji yenye joto yaliyochemshwa kisha yakaachwa yapoe kiasi. Pima joto kwa kiwiko au kifundo cha mkono, kama mama anavyopima maji ya kumwogeshea mtoto. Yasichome. Fumba macho, weka kitambaa juu ya kope kwa dakika 5 hadi 10, na kila kinapopoa kichovye tena. Joto hilo huyayusha mafuta yaliyoganda.

3. Baada ya hapo, kanda kope kwa ncha ya kidole. Kope ya juu ikandwe kutoka juu kushuka kwenye nywele zake, na ya chini kutoka chini kupanda. Kanda kwa upole, bila kuligandamiza jicho.

4. Pangusa ukingo wa kope kwa pamba au kitambaa kilicholowa maji safi. Kukiwa na magamba, tia matone machache ya shampuu ya watoto ndani ya maji hayo, kisha suuza. Pangusa macho yakiwa yamefumbwa, na upangusie kuelekea puani. Ukipangusa kuelekea sikioni, jicho la bandia huweza kuzunguka au kutoka.

5. Kama kope bado zinakwaruza, yapo machozi ya dawa yanayouzwa madukani. Muulize daktari au fundi wa jicho aina ipi inakufaa. Usitie jeli ya kupaka mwilini, mafuta ya nazi wala samli.

Faida yake huonekana baada ya wiki kadhaa, na ukiacha, tatizo hurudi. Ni kama mswaki: hatupigi siku moja tukasema tumemaliza.

Jicho lenyewe litolewe mara ngapi

Wataalamu hawakuafikiana juu ya idadi. Wapo wanaoshauri kila wiki, na wapo wanaoona mara moja kwa mwezi inatosha kwa asiyekuwa na tatizo. Mwenye jicho la kioo ana utaratibu wake. Msingi ni kufuata maelekezo ya aliyekutengenezea, na kutolitoa kila mara bila haja. Watu wengi hulala nalo bila madhara.

Unapolitoa, tandika taulo mbele yako ili likianguka lisivunjike wala kukwaruzika. Lioshe kwa sabuni laini na maji safi, lisuuze vizuri, na ulirudishe likiwa limelowa. Usilioshe kwa spiriti, dawa ya kufulia wala maji yanayochemka, kwani vitu hivyo huharibu akriliki. Ukihitaji kuliweka kando, liweke ndani ya maji safi katika chombo chenye kifuniko. Wala usikae siku nyingi bila kulivaa, kwani tundu huweza kusinyaa na jicho likakataa kuingia.

Kila mwaka lipelekwe kwa mtaalamu likapigwe msasa maalumu na kung'arishwa, kwani mikwaruzo isiyoonekana kwa macho ndiyo inayokwaruza kope. Jicho la akriliki la mtu mzima kwa kawaida hubadilishwa baada ya miaka mitano hivi. La mtoto hubadilishwa au kuongezwa ukubwa mapema zaidi, kwa sababu uso wake unakua. Tunajua kwamba kwa familia nyingi safari ya kuvuka bahari kwenda kwa mtaalamu ni gharama. Basi jamaa na majirani wachangiane, na wenye uwezo wajue kwamba kumsaidia mtoto apate jicho linalomkaa vizuri ni sadaka yenye manufaa ya miaka.

Wanja na dawa za nyumbani

Kupaka wanja kumepokewa katika Sunna, hasa wanja wa ithmidi, na sisi hatumkatazi mtu jambo lenye asili. Lakini wanja unaouzwa madukani leo si lazima uwe ithmidi. Baadhi yake umepimwa na kukutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kwa watoto madhara yake ni makubwa zaidi. Isitoshe, wanja unaopakwa ndani ya ukingo wa kope hukaa juu ya matundu yale yale ya tezi na kuyaziba. Kwa hiyo mwanamke mwenye jicho la bandia linalotoa tongo tunamshauri auache upande huo mpaka kope zipone. Sunna ya wanja imesifiwa kwa manufaa yake kwa jicho, basi haiwi sababu ya kulidhuru.

Vile vile asitie ndani ya tundu la jicho maziwa ya mama, asali, maji ya majani wala dawa ya matone aliyobakisha mgonjwa mwingine. Matone mengine yana dawa kali za kutuliza uvimbe. Hutuliza kwa siku mbili, kisha huleta madhara. Hayo yaandikwe na daktari.

Sharia inasemaje

*Inafaa kuvaa jicho la bandia?* Inafaa, na si katika kubadilisha maumbile ya Allah kulikokatazwa, kwani ni kuondosha aibu na madhara yaliyompata mtu. Wanavyuoni wanategemea hadithi ya Sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.), waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab zama za ujahiliya, akavaa pua ya fedha. Ile fedha ikamletea harufu mbaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru avae pua ya dhahabu.

Tuizingatie hadithi hii vizuri. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, na Arfaja tayari alikuwa na pua iliyomsitiri mbele za watu. Kilichomsumbua ni hali ya nyama iliyobeba pua ile. Mtume (S.A.W.) hakumwambia avumilie maadamu sura imetengenea, bali alimpa ruhusa kubwa ili adha imwondokee. Tunapata humo kwamba raha na afya ya mvaaji ni jambo linalozingatiwa na sharia. Basi mwenye jicho la bandia asione haya kulalamikia kope zake, wala jamaa zake wasimwambie kwamba anadeka.

*Je, ni lazima alitoe wakati wa udhu au josho?* Hapana. Kinachowajibika ni kuosha uso wa nje, na ndani ya jicho si katika uso wa nje, hata kwa mwenye jicho zima. Lakini wanavyuoni wa Kishafii wametaja kwamba nywele za kope na ngozi yake ni sehemu ya uso, na kwamba tongo lililoganda kwenye pembe ya jicho likazuia maji kufika kwenye ngozi, ni wajibu kuliondoa. Imepokewa pia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akipangusa pembe za macho yake anapotawadha. Basi yule anayesafisha kope zake kwa maji ya uvuguvugu kabla ya Alfajiri anatibu kope na anatengeneza udhu wake kwa wakati mmoja.

*Tongo linatengua udhu?* Katika madhhebu ya Imam Shafi'i halitengui, kwani kinachotengua ni kinachotoka katika tupu mbili, pamoja na mengine yanayojulikana. Kwa Mahanafi, maji yanayotoka jichoni kwa sababu ya maradhi yana hukumu nyingine, na mwenye kufuata madhhebu hayo au mengine amuulize mwanachuoni wake.

*Je, ni najsi?* Machozi na tongo la kawaida ni tohara. Usaha ni najsi, lakini uliotoka kwa mtu mwenyewe kwa sababu ya maradhi husamehewa. Apanguse kinachoonekana, asali, asijitie wasiwasi. Wala asiache jamaa kwa ajili ya tongo la kawaida. Abebe leso safi mfukoni, inatosha.

*Aliyepasuliwa karibuni na daktari amemkataza maji?* Aoshe sehemu nzima ya uso, apanguse kwa maji juu ya bendeji kama haidhuru, na atayamamu pamoja na hayo. Kuhusu kurudia Sala baada ya kupona kuna ufafanuzi, basi amweleze mwalimu wake hali yake halisi.

*Matone ya jicho mchana wa Ramadhani?* Kwa Mashafii hayafunguzi, hata akihisi ladha yake kooni. Wapo maimamu waliosema hufunguza yakifika kooni. Mwenye kutaka kujitoa katika hitilafu hiyo atie usiku ikiwa hatadhurika. Kitambaa cha maji ya moto juu ya kope hakina neno wakati wowote.

*Akifariki, litolewe?* Likitoka kwa wepesi bila kumuumiza maiti wala kumharibu sura, hapana ubaya kulitoa, na likiachwa pia hapana ubaya. Lisivutwe kwa nguvu, kwani heshima ya maiti ni kama ya aliye hai.

Wakati wa kwenda hospitali bila kuchelewa

Matunzo ya nyumbani hayatoshi ukiona lolote katika haya: maumivu makali, damu, tongo la kijani lenye harufu, homa, kope kuvimba ghafla, uvimbe usioondoka kwa wiki kadhaa, au jicho kuacha kukaa kama lilivyokuwa likikaa. Ukilitoa ukaona kitu kigumu kinachungulia kwenye utando wa ndani, huenda ni kile kipandikizi alichokiweka daktari mpasuaji, na hilo ni la haraka. Anzia hospitali yenye idara ya macho, kama Mnazi Mmoja kwa walioko Unguja, nao watakuelekeza.

Na jicho lililobaki ni amana ya pekee. Lipimwe kila mwaka. Anayefanya kazi ya kupasua kuni, kuchomelea vyuma, kuchuma karafuu au kuvua, avae miwani ya kinga. Aliyepoteza jicho kwa kuumia, kisha jicho la pili likawa jekundu, likauma au likaona ukungu, asilale nalo hata siku moja bila kuonwa na daktari. Na mzazi akiona mboni ya mtoto wake inang'aa nyeupe, hasa kwenye picha, ampeleke hospitali upesi, kwani huenda ikawa saratani ya jicho, na ikiwahiwa hutibika.

Neno kwa familia na walimu wa vyuo

Watoto wanaitana "chongo" chuoni na sisi walimu tunasikia. Allah ametukataza katika Suratul Hujurat, aya ya 11, kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Wapo hata wanaomtania mwenzao kwa kumfananisha na Dajjal. Hilo ni kosa kubwa. Ubaya wa Dajjal ni ukafiri wake na kudai kwake uungu, na Muislamu aliyepewa mtihani wa jicho hana mfano wowote naye. Katika vita vya Uhud jicho la Sahaba Qatada bin Nu'man (R.A.) liliumizwa mpaka likatoka mahali pake, na imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alilirudisha kwa mkono wake. Hapana aliyemcheka.

Mwalimu ampe mtoto ruhusa ya kutoka kusafisha kope bila kumuuliza mbele ya wenzake. Nyumbani pawe na kitambaa chake mwenyewe kinachofuliwa na kuanikwa juani, kisitumiwe na mwingine. Mke na mume wasaidiane, kwani kupasha maji na kukumbushana kabla ya kulala ni katika kuishi kwa wema. Na kijana aliyejificha nyumbani kwa ajili ya tongo, aambiwe kwamba udhu wake ni sahihi, Sala yake ni sahihi, na nafasi yake katika safu inamngoja.

Tunamuomba Allah awape afya wagonjwa wetu, awalipe kheri kwa subira yao, na atujaalie tuzitunze amana alizotupa katika miili yetu. Wallahu a'lam.